Uzi: Kuzamia Mlango wa Kinasi (Mafia): saa ya maji, hesabu ya hewa, risasi na boya

MajiYaKujaa (mleta uzi)

Wakuu, maswali ya Kinasi yanajirudia kila msimu na majibu mengi ni picha za chewa. Hapa tuweke kazi yenyewe, anayejua aongeze, anayeona kosa asahihishe.

Mahali kwanza. Kinasi ni mlango wa bahari upande wa mashariki wa Ghuba ya Chole, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, hifadhi ya kwanza ya aina hiyo Tanzania (1995). Ghuba ni pana, milango yake michache. Bahari ikiinuka mita tatu huko nje, maji ya kuijaza ghuba yote yanabanwa kupita hapo. Mkondo huo ndio unaoleta chakula, chakula kinaleta kolekole, mzia na chewa wakubwa, na mkondo huohuo ndio unaompeleka mzamiaji asipotaka kwenda.

Kanuni ya Kinasi ni moja: unazama maji yakijaa. Maji ya kujaa yanatoka bahari kuu, ni safi, na yanakusukuma ndani ya ghuba ambako ni kina kifupi na boti inakuona. Maji yakitoka, yanabeba mchanga na tope la ghuba, huoni mbele, na yanakutupa nje kwenye bahari wazi. Wakati wa kusi ni mbaya zaidi: mkondo unaotoka unakutana na mawimbi yanayoingia, mlango wote unachafuka, mawimbi yanasimama wima na boti ndogo haiwezi kumwokota mtu.

Sasa saa. Pwani yetu bahati nzuri haina fumbo: siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa karibu na saa 10 jioni na saa 10 alfajiri, hupwa karibu na saa 4. Kila siku inayofuata huchelewa kama dakika 50. Ukifika mwezi 7 au 8 (yaani siku ya 7 au 8 tangu mwezi kuandama), na tena mwezi 22 au 23, ni maji mafu: hujaa kati ya saa 2 na nusu na saa 4 asubuhi, na tofauti ya kujaa na kupwa inakuwa ndogo.

Kwa kasi ya mkondo tumia hesabu ya kumi na mbili. Saa ya kwanza ya kujaa maji hupanda sehemu 1 kati ya 12, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Bamvua la mita 3.6 maana yake sentimita 30, 60, 90, 90, 60, 30. Saa ya tatu na ya nne usiziguse siku hizo. Kuingia kuzuri ni saa moja na robo kabla ya maji kujaa kabisa: maji safi yameshaingia, nguvu inapungua, na ukikaa chini dakika 45 unatoka nusu saa kabla hayajageuka. Siku za maji mafu unaweza kuingia mapema zaidi.

Kina: kuta za Kinasi zinafika mita 25 hivi kwenye sehemu inayozamiwa. Cheti cha mwanzo kinakuishia mita 18, kwa hiyo hapa anatakiwa mwenye cheti cha hatua ya pili. Asiye nacho aende Milimani, ndani ya ghuba, vichwa vya matumbawe vimepangana kama vilima. Si mahali pa kufutia machozi. Kwa matumbawe magumu wengine wanapaona pazuri kuliko Kinasi.

Pono_wa_Jibondo

Shukrani kwa uzi, mkuu. Swali: kwa nini msisubiri maji yasimame kabisa, mkondo sifuri, mkaingia kwa raha?

MajiYaKujaa

Kwa sababu mbili. Siku za bamvua maji hayasimami muda wa kutosha dakika 45, kwa hiyo ukiingia yamesimama utatoka yanakimbia, tena upande mbaya. Ya pili, samaki wa Kinasi wanakaa kuelekea mkondo. Mkondo ukifa wanatawanyika, unabaki na mwamba mtupu.

Jambo lingine watu wanalisahau: jedwali la maji kujaa na kupwa linatoa urefu wa maji, halitoi kasi ya mkondo mlangoni. Mlangoni mkondo unaweza kuendelea kidogo baada ya saa iliyoandikwa. Kwa hiyo boti ikifika, nahodha azime mashine dakika mbili, mtazame inaelea kwenda wapi. Kama inaelekea nje, mzamie Milimani. Hilo halina kura.

FundiKompresa

Naongezea upande wa hewa, maana hapo ndipo "50 baa boti", yaani urudi botini na shinikizo la baa 50 mtungini, inapowadanganya watu.

Mtungi wa alumini wa kawaida ni lita 11.1. Ukijazwa baa 200 una lita 2,220 za hewa. Mtu aliyetulia anavuta lita 20 kwa dakika juu ya maji. Kwenye mkondo weka 30. Mita 20 shinikizo ni baa 3, kwa hiyo zile 30 zinakuwa 90 kwa dakika. Baa 150 za kwanza (lita 1,665) zinaisha dakika 18 na nusu. Ndiyo maana mtu aliyepigana na mkondo anapanda mapema na kuwaharibia wenzake.

Akiba ihesabiwe kwa watu wawili, mmoja hewa imemwishia na anapumua kwenye oktopasi (mdomo wa akiba wa kupumulia) ya mwenzake. Wakiwa mita 20:

Dakika 1 ya kutulizana: watu 2 × lita 30 × baa 3 = 180.
Kupanda hadi mita 5 kwa mita 9 kwa dakika, weka dakika 2, wastani wa shinikizo 2.25: lita 270.
Kusimama mita 5 kwa dakika 3: 2 × 30 × 1.5 × 3 = 270.
Kutoka mita 5 hadi juu, dakika 1: 75.

Jumla lita 795, gawa kwa 11.1, unapata baa 72. Kwa hiyo sindano ikigusa 80 mkiwa mita 20, kundi linaanza kupanda. Ile 50 ni ya kuwa nayo unaposhika ngazi ya boti, siyo ya kuanzia safari ya kurudi.

Muda wa kukaa chini bila vituo vya lazima wakati wa kupanda, kwa mzamo wa kwanza na jedwali la PADI (shirika la mafunzo ya uzamiaji): mita 18 dakika 56, mita 20 dakika 45, mita 25 dakika 29, mita 30 dakika 20. Mtaona kwamba Kinasi hewa inakuisha kabla ya muda. Mzamo wa pili ndio unaogeuza hesabu, hapo fuata kompyuta yako. Yako, siyo ya mwongozaji, maana yeye alikuwa mita mbili juu yako.

BintiChole

Fundi, na vali? Wengine wanafungua mpaka mwisho halafu wanarudisha robo. Lipi sahihi?

TezinaOmo

Kurudisha robo ndiyo sahihi, vali isikwame. Ndivyo ilivyofundishwa siku zote.

FundiKompresa

Kaka, ilifundishwa kwa vali za zamani. Za sasa hazihitaji. Tatizo la ile robo ni kwamba mtu wa pili anayekagua hajui imerudishwa robo kutoka wapi: vali iliyofungwa kisha ikafunguliwa robo inafanana mkononi na iliyofunguliwa yote ikarudishwa robo. Juu ya maji zote mbili zinatoa hewa. Ukifika mita 20 unavuta, inakuja nzito, unavuta tena, haiji. Fungua mpaka mwisho, acha.

Kipimo chake: weka regyuleta (kifaa cha kupumulia) mdomoni, vuta mara nne kwa nguvu huku unatazama geji. Sindano ikitulia palepale, vali iko wazi. Ikishuka kila unapovuta na kurudi ukiacha, vali haijafunguka vizuri. Sekunde kumi tu.

Mengine ya mtungi kwa haraka. O-ringi (mpira wa kuzibia) kwenye uso wa vali: ikitoa mluzi, funga vali, toa hewa kwa kubonyeza regyuleta, fungua klampu, badilisha. Usiikaze zaidi ukidhani itanyamaza. O-ringi iliyochanika ikikazwa huwa inasubiri mpaka uko chini. Boti iwe na o-ringi kumi za akiba, bei yake ni ya andazi. Mtungi uwe na mhuri wa kipimo cha shinikizo la maji, kwa kawaida kila miaka 5, na wa kukaguliwa ndani kila mwaka. Kabla hujafunga regyuleta, fungua vali kidogo unuse. Hewa haina harufu. Ikinuka mafuta au moshi, mtungi huo haubebwi, na mwambie mwenye kompresa aangalie chujio na mdomo wa kuvutia hewa, mara nyingi upepo umegeuka na unavuta moshi wa injini yake mwenyewe. Monoksidi ya kaboni peke yake hainuki, kwa hiyo kichwa kikianza kuuma chini, panda.

TezinaOmo

Nimekuelewa fundi, naondoa langu.

Upande wa boti niseme machache. Kamba za maboya ya kufungia zilizowekwa na hifadhi zitumike. Nanga haitupwi juu ya matumbawe. Lakini Kinasi boti haifungwi kabisa, inafuata mapovu. Nahodha awe na idadi ya watu kwenye karatasi, siyo kichwani, na saa waliyoingia. Asikae juu ya mapovu. Akae nyuma yake upande mkondo unakoelekea, maana hata wakipotea watakuja kwake.

Kuokota: wazamiaji waliokwisha kupuliza majaketi ya kuelea (BCD) wasogee pamoja. Boti ije omo ikiwa imeelekea upepo, mashine iwekwe nyutro kabla ya kufika kwao, kamba irushwe, wao waifuate. Anayevua mapezi kabla ya kushika ngazi anachukuliwa na mkondo. Na ngazi anapanda mmoja. Wa pili asikae chini ya wa kwanza, mtungi wa kilo 14 ukianguka unavunja shingo.

BintiChole

Sasa kuingia. Wengi wanaingia wamejaza hewa kwenye jaketi la BCD, wanaelea juu wakisubiriana, mkondo unawapitisha mwamba kabla hata hawajazama. Kinasi mnaingia jaketi tupu, mgongo kwanza, wote kwa hesabu ya mwongozaji, na mnashuka papo hapo. Mkikutana, mkutane mita 5, siyo juu.

Hilo linadai masharti matatu. Masikio yaanze kusawazishwa ukiwa bado umekaa ukingoni mwa boti, kisha kila mita moja. Likigoma panda mita moja, jaribu tena, usilazimishe. Mwenye mafua abaki. Dawa ya kufungua pua ikiisha nguvu ukiwa chini, hewa inabanwa sikioni wakati wa kupanda, na kupanda hakuahirishwi. La pili, miwani iwe usoni na mkono juu yake. La tatu ni risasi, yaani uzito wa kuzamisha unaofungwa mwilini.

Risasi nieleze taratibu kwa sababu ndiyo inayowamaliza hewa na kuyavunja matumbawe. Maji ya Mafia ni kati ya nyuzi 25 na 30, suti ya milimita 3 inatosha. Mtungi wa alumini uliojaa unazama kidogo, ukikaribia kuisha unaelea. Hewa ina uzito: lita 1,665 ulizovuta ni kilo 2 hivi. Kwa hiyo aliyepimwa sawa mwanzoni atakuwa mwepesi kilo 2 mwishoni, palepale anapotakiwa kusimama mita 5. Anapaa.

Pima hivi: mwisho wa mzamo wa kwanza, ukiwa na baa 50, jaketi tupu, simama wima juu ya maji, shika pumzi ya kawaida. Maji yafike kwenye macho. Ukitoa pumzi uanze kuzama polepole. Ukizama kama jiwe, punguza kilo moja. Ukipima mtungi umejaa, ongeza kilo 2 juu ya kilichokupa matokeo hayo. Mtu wa kilo 70 hivi kwa kawaida anaishia kati ya kilo 4 na 6. Nikiona mtu wa mwili huo amefungwa 10 najua hajapimwa, amekisiwa. Uzito wa ziada unamfanya ajaze jaketi, jaketi likijaa mwili unasimama wima, miguu inaning'inia, na kila teke linapiga mwamba. Halafu yanalaumiwa mapezi.

Pono_wa_Jibondo

Dada, na glovu je? Au ile ndoano ya kujishikiza kwenye mwamba wakati wa mkondo, naona video za nchi nyingine wanaitumia.

BintiChole

Glovu acha. Mwenye glovu anashika, asiye nayo anafikiri kwanza. Ndoano inafaa kwenye mwamba uliokufa na mtu aliyefundishwa. Kwa wengi inang'oa tumbawe na kumfunga palepale anapotakiwa kuachia. Kinasi hujishikizi. Shuka karibu na mwamba, nusu mita hadi mita juu yake, mkondo huko chini ni mdogo kuliko juu. Jifiche nyuma ya kichwa kikubwa cha tumbawe, hapo maji yametulia, tazama samaki wakipita. Ukitaka kuondoka, katiza mkondo kwa mshazari, usiupande. Teke la chura, magoti yamekunjwa, mapezi juu ya usawa wa mwili. Mchanga unaoutimua unakaa juu ya matumbawe na kuyaziba, na ya Mafia tayari yalipigwa sana na joto la bahari la 1998.

Kwenye kona za ukuta kuna mahali maji yanaporomoka kwenda chini. Dalili ni mapovu yako kushuka badala ya kupanda, na samaki wote kuelekea juu. Usianze kupanda kwa mapezi ukiwa ukutani, utachoka na hutafika popote. Ogelea mlalo kuondoka ukutani, ongeza hewa kidogo kwenye jaketi, jicho kwenye kina. Mkondo ukikuachia utaanza kupaa, toa hewa hiyo mara moja. Wengi wanakumbuka kuiweka, wanasahau kuitoa.

MajiYaKujaa

Boya la ishara halijatajwa, nami naona ndilo linalotenganisha mzamiaji na abiria. Kila watu wawili wawe na moja, la machungwa, urefu wa mita 1.5 au zaidi, na rili yenye kamba mita 30. Puliza ukiwa mita 10 hadi 12 hivi, kabla ya kufika kituo cha mita 5, ili nahodha aanze kukufuata mapema.

Kinachoharibika ni kilekile siku zote. Rili imefungwa kwenye jaketi wakati boya linaachiwa. Ikikwama, boya linakuvuta juu na wewe. Rili ishikwe mkononi, mkono ulionyooka mbali na mwili, na ikikwama iachie, ni kamba tu. Kamba imelegea ikazunguka pezi la mwenzako. Angalia juu na pembeni kabla. Boya limejazwa pumzi moja likalala juu ya maji, nahodha halioni. Hewa ikipanda juu inatanuka, lakini kutoka mita 10 inaongezeka mara mbili tu, kwa hiyo jaza angalau nusu. Ukifika juu vuta kamba kwa nguvu, boya lisimame. Na filimbi, kwa siku ambayo mawimbi yanaficha kila kitu.

FundiKompresa

Ya viumbe, kwa kifupi. Kikande mkubwa akiwa na mayai analinda eneo lenye umbo la faneli, jembamba kwenye kiota na pana juu. Ukipanda unabaki ndani yake. Toka kwa mlalo, mapezi yako yakiwa mbele yake. Mkunga hana shida, usiingize mkono kwenye tundu. Ukichomwa na samaki mwenye sumu kwenye miba, jeraha liwekwe kwenye maji ya moto ya nyuzi 45 hivi, dakika 30 hadi 90, na joto lipimwe kwa mkono ambao haukuchomwa, kwa sababu uliochomwa hausikii vizuri. Kisha hospitali.

Mtu akitoka na ganzi, maumivu ya viungo, kizunguzungu au uchovu usioeleweka: alazwe, apewe oksijeni asilimia 100, apigiwe simu ya bima ya wazamiaji. Mafia haina chemba ya shinikizo ya kumtibia. Boti isiyo na chupa ya oksijeni siyo boti ya kuzamia, hata kama ina kivuli kizuri na matunda.

Salama_Kilindoni

Wakuu nimefuatilia kimya. Nafika Utende, kando ya Ghuba ya Chole, mwezi 5 mwandamo, nalala usiku nne, mwezi 9 narudi Dar kwa ndege ya saa 4 asubuhi. Nina cheti cha hatua ya pili. Kinasi niipange siku gani? Na nilitaka pia kuzamia na mtungi kwa papa potwe.

MajiYaKujaa

Papa potwe wako upande wa Kilindoni, magharibi, kuanzia Oktoba mpaka Februari au Machi hivi. Pale ni miwani, snokeli na mapezi, wanakula karibu na uso wa maji. Kaa mita 3 au zaidi, usiguse, usimkate mbele. Mtungi uache hotelini.

Kinasi: mwezi 5 maji yanajaa karibu na saa 1 asubuhi na tena saa 1:20 usiku, hakuna mwanga wa kuingilia kwa saa sahihi. Mwezi 6 ni saa 1:45 asubuhi, ingekubidi uingie saa 12:30, boti haitakuwa tayari. Siku hizo mbili zamia Milimani, pima risasi zako na hewa yako. Wapo wanaoingia Kinasi saa ya kwanza ya kujaa, mchana, lakini maji bado ni ya tope na mkondo unaongezeka badala ya kupungua, kwa hiyo si kwa mara ya kwanza.

Mwezi 7 yanajaa karibu saa 2:35 asubuhi: ingia saa 1:20. Mwezi 8 ni saa 3:25: ingia saa 2:10. Zote ni maji mafu, mkondo wa kiasi. Hayo ni makadirio ya mwezi, jedwali la mwaka wako ndilo la mwisho.

Ndege: baada ya siku kadhaa za kuzamia ngoja saa 18. Mwezi 8 ukitoka majini saa 3 asubuhi, saa 18 zinatimia saa 9 usiku, ndege ya saa 4 asubuhi unapanda. Ukishawishiwa mzamo wa mchana ukatoka saa 10:30 jioni, zinatimia saa 4:30 asubuhi, ndege imeshaondoka. Hapo ama unauacha mzamo huo, ama unaenda kwa boti ya Nyamisati (bandari ya upande wa bara).

Salama_Kilindoni

Nauacha. Ada ya hifadhi nalipia wapi?

TezinaOmo

Getini Utende, kwa siku unazokaa. Tunza risiti, boti wanaiulizia kabla hamjaondoka.